Briseis na Chisi

Wako watu wa kalamu wasemao kwamba kuwapa wanawake wa ngano za kale nafasi ya kusema ni kuuchafua urithi wa wahenga. Madai hayo hayana mizizi. Wayunani wenyewe walizigeuza ngano zao kama walivyopenda. Euripides hakuomba ruhusa ya mtu alipowapandisha wanawake mateka wa Troy jukwaani mwaka 415 kabla ya Kristo. Basi Margaret Atwood alipowafufua vijakazi 12 walionyongwa nyumbani mwa Odysseus, mwaka 2005, na Pat Barker alipompa ulimi Briseis, mwanamke aliyegombewa na Achilles na Agamemnon kama nyara, mwaka 2018, walipita njia iliyokwisha kukanyagwa.

Kosa kubwa zaidi liko kwa baadhi ya wanaowashangilia. Hao hudhani kwamba lililofaa Uyunani lafaa Iringa na Mbeya bila kupimwa.

Iringa lafaa. Ngano ya chimbuko la watawala wa Uhehe yasema kwamba Mufwimi, mwindaji mgeni, alikutana na Semduda, binti wa mtawala. Akamwachia mimba na jina la mtoto, akaenda zake. Mtoto huyo ni Muyinga, na katika uzao wake akatoka Mkwawa. Semduda alimwambia nini baba yake tumbo lilipoonekana? Ngano imenyamaza, na aliyenyamaziwa aweza kubuniwa maneno. Mulokozi alimtungia Mkwawa tamthilia nzima, na ni haki yake. Kwa nini Semduda aonewe choyo?

Upande wa Mbeya mambo ni mengine kabisa. Huko Briseis hakuwa wa ngano. Chisi alitekwa angali mtoto katika vita vya karne ya 19, akapita mikononi mwa mabwana kadhaa kabla ya kufika nyanda hizo. Alipokuwa mtu mzima alisimulia maisha yake, na Elise Kootz-Kretschmer wa misheni ya Wamoravia akayaandika. Marcia Wright akayachapisha tena kwa Kiingereza mwaka 1993. Mwanamke huyu hahitaji kupewa ulimi, kwa kuwa anao. Hutakiwa kusikilizwa, tena kwa masikio yenye hadhari, maana kalamu ilikuwa ya misheni, na wamisionari aghalabu walipenda hadithi zitie nanga kanisani.

Itasemwa kwamba riwaya hugusa moyo kuliko ushahidi. Yamkini. Lakini mwandishi anayebuni kilio cha mateka wa Usafwa, hali maneno ya mateka mwenyewe yamelala rafuni, hampi mtu sauti, amnyang'anya. Chisi alikwisha kunyang'anywa mara nyingi, na wenye mikuki. Kabla ya riwaya, basi, na itolewe tafsiri ya Kiswahili ya maisha yake, isiyopunguzwa wala kupambwa, isomwe Mbeya kwa sauti.