Hita Ikizima, Usiinyamazishe

BARAZANI na Mwanaisha Athman

Wageni wa bara huniuliza maji moto ni ya nini Malindi. Hawajakaa nyumba yenye mzazi. Siku arubaini mwanamke aliyejifungua hukandwa kwa maji moto, na kusi ikivuma usiku kucha msimu wa kipupwe, wazee wetu wenye baridi yabisi hawathubutu maji ya tangi. Zamani ilikuwa sufuria juu ya mafiga. Leo nyumba nyingi za Shela, Watamu na Kilifi zimetundika hita ya gesi: kisanduku ukutani, mpira unaotoka kwenye mtungi, na betri mbili kubwa za tochi za kupigia cheche.

Nyumbani kwa dadangu hita hiyo ilianza kuzima. Inawaka vizuri dakika nne, tano, kisha tak! Maji yanarudi baridi na mzazi amejaa sabuni. Fundi akaitwa. Alifungua kifuniko, akachungulia, akasema kinachosumbua ni kile kidude kidogo cha kuhisi joto. Atakata nyaya zake mbili aziunganishe moja kwa moja, na hita haitazima tena. Ameshafanya hivyo nyumba nyingi.

Nilimshika mkono. Kijana yule ni mchapakazi, na simlaumu kwa jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Lakini kidude alichotaka kukiua ndicho kilichokuwa kikimlinda mzazi na mtoto wake. Hita ilikuwa imefungwa ndani ya bafu. Dirisha la bafu lilikuwa limezibwa kwa karatasi ya plastiki, kwa ajili ya upepo na mbu. Joto lilikosa pa kutokea, kisanduku kikachemka kupita kiasi, kidude kikakata gesi. Hita haikuwa na ubovu wowote. Ilikuwa inatuambia kwamba bafu halipumui.

Hita ndogo ya lita 6 kwa dakika huchoma gesi kama meko manne au matano ya jikoni yaliyofunguliwa kwa pamoja. Hakuna mtu mwenye akili zake atakayewasha meko matano ndani ya bafu lililofungwa akaingia kuoga. Hewa ikipungua, moto hauungui sawasawa, na hapo huzaliwa kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mwilini huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Hapa kwetu mtu akitoka bafuni hivyo tunasema ni malaria au ni uchovu, tunamlaza, na kesho anaingia bafu lilelile. Mja mzito, mtoto mchanga na mzee ndio wanaodhurika upesi, na ndio hao hao tunaowawashia hita.

Kwa hiyo hita ikizima, kabla ya kumwita mtu mwenye koleo, tazama ilipotundikwa. Kisha tazama moto wenyewe. Moto mzima ni wa buluu. Ukiwa wa manjano, au ukiona masizi juu ya kisanduku, zima, funga mtungi, usiiwashe mpaka isafishwe. Chumvi ya bahari hula chuma, na kutu na tandabui huziba vitundu vya kuchanganyia hewa na gesi. Nyumba iliyo karibu na ufuo itahitaji usafi huo mara nyingi kuliko ya Kakuyuni.

Mengine ni mepesi zaidi, ingawa ndiyo yanayowalia watu pesa. Hita isiyopiga cheche kabisa, anza na betri, kisha tazama msukumo wa maji. Ikipiga cheche bila kuwaka, huenda gesi imekwisha. Cheche na gesi huanzishwa na kiwambo cha mpira kinachosukumwa na maji. Maji yakiwa dhaifu, kiwambo hakisogei. Tunaotegemea tangi la juu ya dari tujue kwamba mita 10 za kimo ndizo zinazotoa msukumo wa bar 1. Tangi lililo mita 2 juu ya bomba la kuogea linatoa bar 0.2 tu, na hita nyingi hapo zinasitasita. Dawa ni kuinua tangi au kuweka pampu ndogo.

Na maji yenyewe yana lake. Anayepata maji ya Baricho, yale ya visima vya kando ya mto Sabaki, ana nafuu. Lakini wengi wa Watamu na Kilifi wanavuta maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, magumu na yenye chumvi. Yakichemka huacha chokaa ndani ya mabomba membamba ya shaba, kama ile unayoiona chini ya birika. Mkondo unapungua, maji yanatoka moto wa kuunguza halafu hita inakata. Safisha kwanza kichujio kidogo pale maji yanapoingilia. Kisha fundi apitishe siki ndani ya mabomba, aisuuze vizuri. Ni kazi ya saa moja.

Moto ukianza na nguvu kisha ukafifia, shika mtungi. Ukiwa baridi na unatoka jasho, ni mdogo mno. Mtungi wa kilo 6 hauwezi kugeuza gesi kuwa mvuke kwa kasi inayotakiwa na hita. Weka wa kilo 13. Usikubali kufungiwa regyuleta ya shinikizo kubwa, ile ya majiko ya mikahawa, ati kuongeza nguvu. Ukisikia harufu ya gesi, kumbuka gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutulia sakafuni: funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi. Anayetafuta panapovuja apake povu la sabuni, kamwe asitumie kiberiti.

Kinachoniuma ni nyumba za kupangisha za siku mbili tatu, zinazozidi kila mwaka kutoka Mayungu hadi Bofa. Mgeni anafika usiku, anaonyeshwa kitufe, anafunga dirisha kwa sababu ya mbu. Hajui hita ile imewahi kuunganishwa nyaya. Mwenye nyumba anajua, au angeweza kuuliza. Kaunti ya Kilifi inawatoza leseni wenye nyumba hizi. Afisa anayekagua na aingie pia bafuni. Vyuo vyetu vya ufundi vinavyofundisha mabomba na umeme navyo viwafunze vijana hita ya gesi, kwa maana wataifungua wapende wasipende.

Ya dadangu tuliing'oa. Tuliitundika nje, ukuta wa uani usioelekea baharini, mbali na madirisha, kwa kuwa upepo wa kusi ukiipiga usoni unaupuliza moto ukazima. Juu yake tukaweka kibati cha kuzuia mvua. Fundi ni yuleyule, tulimlipa kazi yote na bomba la ziada. Kile kidude kipo mahali pake na nyaya zake mbili. Jioni mzazi alikandwa mpaka akamaliza, na dirisha la bafu tumeliwekea wavu badala ya plastiki.