Kabla ya kulinunua jukwaa, uliza utalihamaje

Agosti 16, 2023, Google ilizima IoT Core, huduma iliyokuwa ikiunganisha vifaa vya wateja na kompyuta zake. Wateja walikuwa wamepewa taarifa mwaka mmoja kabla. Desemba 1 mwaka huohuo IBM nayo ikafunga jukwaa lake la Watson IoT. Hakuna aliyefilisika hapo. Ni kampuni mbili kubwa zilizoamua kuelekeza nguvu kwingine, na mkataba uliziruhusu. Nayataja haya kwa sababu wenye maghala ya dawa, vyumba vya baridi vya samaki, malori na mashamba ya umwagiliaji wanazidi kushawishiwa kuingia kwenye intaneti ya vitu (IoT), na onyesho la muuzaji huwa ni lilelile: ramani yenye vitone vya kijani, grafu zinazopanda na kushuka, ujumbe unaoingia kwenye simu mlango wa jokofu ukiachwa wazi. Mnunuzi huuliza jukwaa linafanya nini na ni bei gani, kisha anasaini. Kwa maoni yangu, swali la kwanza lilipaswa kuwa jingine: siku nikitaka kuondoka, au mwenye jukwaa akiamua kunitoa, vifaa vyangu na kumbukumbu zangu vitatokaje?

Programu ya mahesabu ikifungwa, mhasibu huchukua mafaili yake akahamia nyingine, kwa usumbufu wa wiki moja au mbili. Kifaa hakihami hivyo. Kipo juu ya paa, au kimefungwa kwenye pampu shambani, au kiko ndani ya lori lililo njiani kwenda Lubumbashi. Ndani yake mna anwani ya seva kinakopeleka vipimo, cheti kinachokitambulisha huko, na laini ya simu. Anayevishika vitatu hivyo ndiye mwenye kifaa, hata kama risiti ina jina lako. Anwani ikiwa imewekwa kiwandani na haibadilishiki kwa mbali, kuhama maana yake ni kumlipa fundi apande paa moja baada ya jingine. Marekani waliona mwisho wa njia hiyo mapema: kampuni ya Nest ilinunua nyingine iitwayo Revolv mwaka 2014, na Mei 2016 seva za Revolv zikazimwa. Kifaa chake cha kuendeshea taa na milango ya nyumbani kilichouzwa karibu dola 300 kikabaki boksi tu, ingawa hakikuwa kimeharibika. Sigfox ya Ufaransa, iliyokuwa na mtandao wake maalumu wa redio, iliingia chini ya ulinzi wa mahakama Januari 2022 kwa sababu ya madeni. Aprili ikanunuliwa na UnaBiz ya Singapore, na hiyo ilikuwa bahati ya wateja zaidi kuliko busara yao.

Dawa ipo, na si ngeni. Mwaka 1999 Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper walibuni MQTT, utaratibu mwepesi wa kutuma ujumbe, ili mabomba ya mafuta yafuatiliwe kupitia setilaiti bila gharama kubwa. Leo ni kiwango cha kimataifa kisicho na mwenyewe. Kifaa kinachokifuata kinaweza kuongea na seva yoyote inayokielewa. Ila hapa pana mtego. Muuzaji atakwambia kweli kwamba anatumia MQTT, huku ujumbe wenyewe ukiwa umefungwa kwa mpangilio anaoujua yeye peke yake. Dai mpangilio huo kwa maandishi, uwe sehemu ya mkataba.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kampuni kubwa, kwamba mwenye maduka matano ya dawa hana mhandisi wa kuendesha seva. Ni kweli, na sisemi ajijengee jukwaa. Akodi, tena huenda ikawa kwa kampuni hizohizo kubwa. Lakini aliyekodi akiwa na njia ya kutoka, mwaka mmoja wa taarifa unamtosha kujipanga. Asiye nayo, mwaka huo ni wa kutafuta fedha za kununua vifaa upya. Wengine watasema majukwaa yaliyofungwa ni nafuu, na mara nyingi kifaa hutolewa bure. Hapo tupige hesabu. Jokofu linalotuma joto lake kila dakika hutuma ujumbe 1,440 kwa siku. Majokofu 200 kwa siku 30 ni ujumbe 8,640,000. Yakituma kila baada ya dakika kumi, idadi inashuka hadi 864,000, na kwa jokofu la kawaida hicho ni kipimo tosha. Majukwaa mengi hutoza kwa wingi wa ujumbe. Kama huwezi kupunguza kasi hiyo mwenyewe, wala kuhama bei ikipanda, bili yako inaandikwa na mtu mwingine, na kile kifaa cha bure utakuwa umekilipia mara kadhaa.

Sheria nayo inaliongezea swali hili uzito. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ina ya taarifa binafsi ya mwaka 2022, na mahali alipo dereva wako kila dakika ni taarifa zake binafsi. Wajibu wako hauishi kwa sababu umekodi seva ya mtu. Dereva akitaka kujua umehifadhi nini juu yake, jibu la kwamba mwenye jukwaa hataki kutoa halitakusaidia.

Basi kabla ya kusaini, chagua vifaa vitatu vilivyokwisha kufungwa mahali pake. Mwambie muuzaji avihamishie kwenye seva nyingine mbele yako, bila fundi kuvigusa, na akukabidhi vipimo vyote vya nyuma katika faili linalosomeka. Kisha aandike kwenye mkataba kwamba huduma haitafungwa bila taarifa ya miezi 12, muda uleule Google iliowapa wateja wake. Akishindwa, au akianza kuzungukazunguka, usinunue.