Choo cha Nyumba ya Urithi Kinapokataa Kuteremsha Maji



Majuma mawili yaliyopita nilijiwa ofisini na mama mtu mzima anayeishi Ngamiani, Tanga. Alikuja na karatasi ya fundi iliyoorodhesha gharama za kubomoa sakafu yote ya choo, akauliza kama kamati ya msikiti ina fungu la kumsaidia. "Mwanangu Katibu," alisema, "tangu Mfunguo Mosi kila nikimwaga maji hupanda kwanza, ndipo yateremke polepole. Hunirukia matone, nami sijui kama nguo yangu yafaa kuswalia." Baadaye binti yake alinieleza kwa faragha kwamba mama ameacha kuhudhuria darsa, na mchana hanywi maji ili asilazimike kuingia humo.

Kuhusu nguo nilimkumbusha jambo alilolijua kabla sijazaliwa: yakini ya tahara haiondolewi na shaka. Tone lililoonekana kuwa ni najisi huoshwa mahali pake. Lisiloonekana halimzuii mtu na sala yake. Lakini mama wa umri ule kujinyima maji katika joto la Tanga si jambo la kuliacha likae. Nilimwomba asimlipe fundi chochote mpaka ijulikane maji yanakwama wapi, nikamchukua mzee mmoja wa safu ya mbele msikitini, fundi bomba mstaafu, tukaenda.

Mzee hakugusa nyundo. Aliomba ndoo ya lita 10, akaimwaga chooni kwa mkupuo mmoja. Maji yakiondoka kwa nguvu, alisema, choo na bomba ni vizima, na kasoro imo katika tangi la juu: boya limeshushwa mno, au matundu ya ukingo wa sinki la choo yamezibwa na chumvi ya maji ya kisima. Pengine vijana wa nyumbani wametumbukiza humo chupa ya mchanga ili kupunguza matumizi. Ubanifu huo una hasara yake, kwani masinki mengi ya zamani yalitengenezwa kwa lita 9 au zaidi. Ukiyapa 6, utavuta mara mbili na kutumia 12.

Ya mama yalipanda, yakasimama, kisha yakashuka kwa kusitasita. Basi palikuwa na kizuizi, ikabaki kujua ni wapi. Bafu la jirani na choo lilikuwa likipitisha maji vizuri. Lingekuwa nalo linasuasua, tungeshuku bomba kuu au shimo lililojaa, hasa kama hali huzidi baada ya mvua, maana ardhi iliyolowa haipokei tena maji ya shimo. Tukafunua chemba ya uani. Hapa, ndugu msomaji, ndipo watu wengi hawafiki, nao hulipia sakafu isiyo na hatia. Chemba ikijaa, kizuizi kiko mbele yake, upande wa shimo. Ikiwa kavu ilhali choo kimejaa, kizuizi kiko kati ya viwili hivyo. Ya mama ilikuwa karibu kavu, bomba la choo likidondosha maji kama birika lenye ufa.

Zilikuwa kama mita 4 za kukaguliwa, si nyumba nzima. Mzee aliingiza waya wa kuzibulia kutokea kwenye chemba, akauzungusha, akavuta. Ulitoka na fundo la mizizi ya mwarobaini, na ndani yake nepi ya mtoto ya kutupa. Nyumba za umri ule mara nyingi zina mabomba ya udongo uliochomwa yaliyoungwa kwa saruji. Ardhi ikijongea, maungio hupata nyufa, na mizizi hufuata unyevu mpaka ndani. Kisha lolote lisiloyeyuka hunasa humo. Mabomba ya chuma nayo hula kutu kwa ndani, hata lile la inchi 4 likabaki na njia nyembamba. Wajukuu waliulizwa kuhusu nepi. Hakuna aliyejibu.

Tulikuta pia dumu la asidi pembeni ya mlango. Asidi haiyeyushi nepi. Hubaki imetuama katika shingo ya choo ikimngoja atakayeingiza mkono. Ikikutana na dawa ya klorini ya kufulia nguo hutoa hewa yenye sumu kali, na vyoo vyetu vina madirisha madogo. Wala asiruhusiwe mtu kushuka katika shimo la maji taka, hata likionekana tupu. Hewa ya humo humwangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayemfuata kumwokoa humfuata kweli.

Siku ile ndoo iliondoka kwa mshindo. Mama alicheka, kisha akaomba glasi ya maji. Hata hivyo mzee hakumficha: mizizi itarudi, labda kabla ya mwaka kwisha, na kipande kile cha bomba lazima kichimbwe na kubadilishwa. Gharama yake ni sehemu ndogo tu ya ile iliyoandikwa kwenye karatasi.

Nani alipe? Nyumba ni ya marehemu mumewe na mirathi haijagawanywa. Watoto wanne wako mijini, kila mmoja akisema matengenezo ni ya anayeishi ndani. Mali ikiwa ya shirika, matengenezo yake ya lazima huwahusu washirika kwa kadiri ya mafungu yao, naye mama ana fungu la thumuni tu. Niliwapigia simu mmoja mmoja. Watatu wamekubali. Wa nne anataka kwanza mwarobaini ukatwe, na mama hataki, kwa kuwa ulipandwa na marehemu.

Kikao chao kimewekwa Jumapili baada ya Adhuhuri, palepale uani chini ya mti wenyewe, nami nimeombwa kuandika kumbukumbu.