FUNDI WA JUMAPILI: Picha ipo, sauti imekwenda wapi?

Mpenzi msomaji, kuna nyumba ambazo watu hukosana kwa ajili ya shamba. Kwetu watu walikosana kwa ajili ya mtambo wa kuchezea michezo ya runinga. Ukinicheka sitakulaumu, lakini nisikilize kwanza, kwani huenda hata kwako kuna mtambo kama huo unaokula vumbi juu ya kabati.

Mwaka wa 1995 mjomba wangu alirejea kutoka masomoni Uingereza. Miongoni mwa mizigo yake mlikuwa na Sega Mega Drive, ule mtambo mweusi wa kwanza wenye kitelezi cha sauti upande wa mbele. Baba aliununua kwa shilingi 6,000, pesa ambazo wakati huo hazikuwa mchezo. Tulipouunganisha na runinga pale nyumbani Nakuru, picha ilitokea safi, yule nungunungu wa buluu akaanza kukimbia. Lakini sauti? Tulisikia mvumo tu, kama mvua juu ya mabati.

Baba aliupeleka kwa fundi mjini. Fundi aliufungua, akatikisa kichwa, akasema chipu ya sauti imeungua. Alitoza shilingi 800, na mtambo ukarudi bubu vilevile. Mjomba aliapa kwamba kule London ulikuwa ukipiga kelele hadi jirani akigonga ukuta. Baba naye akasema shemeji amemwuzia kitu kibovu. Tangu siku hiyo mjomba hakuja kwetu ila kwa arusi na matanga, na mama akawa ndiye mbeba salamu kati ya ndugu yake na mumewe. Sisi watoto tulicheza bila sauti. Kaka yangu alikuwa akitia milio kwa mdomo.

Desemba iliyopita mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, aliuchomoa mtambo huo chini ya kitanda. Picha ikatokea, sauti ikakosekana, kama zamani. Nilikuwa tayari kumhadithia habari za chipu iliyoungua. Kumbe yeye alikwisha kuchomeka hedifoni zake kwenye tundu la mbele, akatoa macho, kisha akanivisha mimi.

Msomaji, nilisikia muziki! Nikasikia pete zikilia mara sikio la kushoto, mara la kulia. Chipu haikuwa imeungua hata siku moja.

Basi kosa lilikuwa wapi? Waya ule wa antena hubeba picha na sauti pamoja, lakini sauti husafiri kando ya picha kwa umbali maalumu wa masafa. Katika mfumo wa Uingereza umbali huo ni megahezi 6.0. Katika mfumo uliotumiwa hapa Kenya ni megahezi 5.5, na Uchina ilitumia 6.5. Runinga yetu ilikuwa ikiitafuta sauti mahali ambapo haikuwapo. Mtambo ulikuwa mzima na runinga ilikuwa nzima, ila kila mmoja alisema lugha yake.

Kutokana na hayo, nimekuandalia utaratibu wa kumchunguza mgonjwa wa aina hii kabla hujamlipa mtu senti.

Kwanza, hakikisha runinga yenyewe ina sauti. Unganisha kitu kingine, na utazame kama mtu hakuibana sauti hadi mwisho. Jaribu kaseti nyingine ya mchezo pia.

Pili, tumia hedifoni ikiwa mtambo una tundu lake. Hapa ndipo njia panda. Sauti ikisikika humo lakini isisikike kwenye runinga, basi chipu haina hatia. Shaka iwe kwenye waya, kwenye kisanduku cha mawimbi ndani ya mtambo, au kwenye mfumo wa sauti kama ilivyokuwa kwetu. Ijapokuwa matangazo ya analogia yalizimwa nchini mwaka wa 2015, runinga nyingi za kisasa bado zaweza kunasa mawimbi ya zamani. Tafuta kwenye menyu mahali pa kuchagua mfumo wa sauti. Utaona herufi kama BG, DK na I. Kwa mtambo wa Uingereza, chagua I.

Runinga isiyokuwa na nafasi hiyo, iepuke njia ya antena kabisa. Tumia waya wa picha na sauti unaoingia kwenye tundu la duara nyuma ya mtambo. Katika Mega Drive ya kwanza tundu hilo hutoa sauti ya upande mmoja tu. Ukitaka pande mbili, ivute sauti kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye redio au spika.

Tatu, isikilize sauti ilivyo. Ikikwaruza unaposogeza kitelezi, hiyo ni takataka ndani yake. Uzime mtambo, uchomoe umeme, upake spiriti safi ya kusafishia vifaa vya umeme, ukisogeze huku na huku, kisha uache ikauke kabisa. Sikio moja likikosa sauti, au sauti ikirudi unapotikisa plagi, aghalabu risasi iliyoshikilia tundu imepasuka, na kulehemu upya hutosha.

Nne, sauti ikiwa hafifu kila mahali, au ikizidi kufifia mwaka baada ya mwaka, washuku kapasita. Hivi ni vijikopo vidogo vyenye maji ya kemikali ndani, ambavyo hukauka au kuvuja kwa uzee. Sega Game Gear, ule mtambo wa mkononi uliotoka Japani mwaka wa 1990, unajulikana sana kwa ugonjwa huu: sauti hupungua hadi ikawa mnong'ono, na kioo nacho kikafifia. Dawa yake ni kubadilisha kapasita zote na kusafisha uchafu uliomwagika, kwa maana huo hula nyaya za bodi.

Tano, ukisikia mvumo mzito usiokoma, tazama adapta. Mega Drive ya kwanza hutumia volti 9, na ncha hasi iko katikati ya plagi, kinyume cha adapta nyingi za leo. Usichomeke yoyote kwa sababu tu imeingia.

Chipu ya sauti ndiyo ya mwisho kushukiwa. Katika Mega Drive sauti hutengenezwa mahali pawili: chipu ya Yamaha hutoa sehemu kubwa ya muziki, na sehemu nyingine hutoa milio myepesi na kelele. Ukisikia kundi moja na kulikosa jingine hata kwenye hedifoni, hapo fundi akikutajia chipu, msikilize.

Neno la tahadhari: mtambo wenyewe hutumia umeme mdogo, lakini runinga ya zamani ya kioo kinene usiifungue asilani. Hushika umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Sasa tumalizie ya nyumbani. Tulipochagua ile herufi I kwenye runinga mpya ya mama, muziki ulijaa sebuleni. Baba alikuwa akisoma gazeti. Aliliweka chini, akauliza, "Huo ni ule wa shemeji?" Nikamweleza habari za 6.0 na 5.5. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama bado mama anayo nambari ya simu ya mjomba.

Mama hakusema neno. Alimpa simu, akaenda jikoni kuongeza maji kwenye sufuria ya chai.

Fundi aliyekosea alitugharimu shilingi 800. Sisi tulioamini bila kupima tulijigharimu karibu miaka thelathini. Basi, msomaji wangu, pima kwanza ndipo ulaumu. Tukutane Jumapili ijayo, Mola akipenda.