Tuache kuuza bolti kwa namba ya spana

Taarifa za soko kutoka kanda ya kati huwa na mahindi, mtama, alizeti na zabibu, na mara moja moja bei ya saruji na mabati. Bolti hazimo. Hata hivyo kila gunia la alizeti linalokamuliwa na kila debe la mahindi linalosagwa kati ya Kibaigwa na Manyoni hupita kwenye mashine iliyoshikwa na bolti, na mara nyingi bolti hizo hununuliwa bila muuzaji wala mnunuzi kujua nguvu yake. Safu hii inaona kuwa huo ni ubovu wa soko kabla haujawa ubovu wa ufundi, na kwamba wenye maduka ndio wanaoweza kuurekebisha haraka.

Chukua Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma. Mahali hapo panajulikana kwa visima vinavyoupa mji maji, kambi ya JKT na kituo cha utafiti wa zabibu. Palipo na maji, mizabibu na watu pana pampu, injini za dizeli na mashine za kusaga, na vyote hivyo hutetemeka. Mashine ya kusaga ya nyundo ndiyo yenye fujo kuliko zote: huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, na nyundo moja ikilika kuliko mwenzake mtambo mzima huanza kupiga upande. Jiwe likiingia pamoja na mahindi, hapo ni mshtuko juu ya mtetemo.

Mwenye mashine hiyo akifika dukani husema, "Nipe bolti nne za kumi na tisa." Kumi na tisa ni namba ya spana tu, bolti yenyewe kwa kawaida ina unene wa milimita 12. Hapo biashara imekwisha. Nguvu ya chuma haikutajwa, ingawa imeandikwa kichwani mwa bolti iliyotengenezwa kwa kufuata kanuni: 4.6, 8.8 au 10.9. Tarakimu ya kwanza, ukiizidisha kwa 100, ni nguvu ya kukatika kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba. Ya pili ni sehemu ya nguvu hiyo ambayo bolti huihimili kabla ya kurefuka moja kwa moja. Kwa hiyo 4.6 huanza kulegea kama mpira uliochoka kwenye 240, na 8.8 kwenye 640.

Mwandishi wa safu hii alisomea biashara, si uhandisi, lakini hesabu inayofuata ni ya duka kabisa. Bolti ya milimita 12 yenye alama 4.6 inaweza kukazwa salama hadi ibane kwa karibu tani moja na nusu. Ya 8.8, kwa unene uleule, hubana kwa zaidi ya tani tatu na nusu. Mnunuzi anayelipia bolti analipia kubana huko, siyo kile chuma.

Kubana ndiko kunakozuia nati kufunguka. Mwaka 1969 Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwa majaribio kuwa nati hulegea hasa pale vyuma viwili vilivyoungwa vinapoteleza kwenda na kurudi kwa upande. Kila mtelezo huipa nati nafasi ya kurudi nyuma kidogo, na baada ya mamia ya mitelezo inakuwa huru. Bolti ikibana vya kutosha vyuma haviteleri, na nati inatulia pasipo ujanja mwingine.

Ndiyo maana safu hii haina imani na washa ya springi, ile iliyokatwa upande mmoja, ambayo huuzwa kama dawa ya mtetemo. Bolti ikikazwa sawasawa washa hiyo hulala bapa na kuwa washa ya kawaida. Katika majaribio ya aina ya Junker imeonekana haizuii nati kulegea. Mwenye duka anayeisifu anauza faraja.

Nati yenye pete ya plastiki ndani ina faida ya kweli: hata bolti ikipoteza kubana, nati haidondoki ndani ya mkanda au kwenye miguu ya mtu. Lakini isifungwe karibu na ekzosi, kwani plastiki haipendi joto la kupita nyuzi 120, na ikifunguliwa mara kadhaa haishiki tena. Nati mbili zikitumika, nyembamba ikae chini na nene juu. Mafundi wengi hufanya kinyume. Washa za jozi zenye meno na ngazi, zilizobuniwa Sweden, ni nzuri lakini ghali, na kwa mashine ya kijijini tunaona si lazima. Rangi chini ya nati ikwanguliwe, maana ikisagika kubana kunapungua. Na mashine mpya ikazwe tena baada ya saa chache za kazi.

Sasa fedha. Tuseme bolti isiyo na alama ni Sh 500 na ya 8.8 ni Sh 1,500. Hizi ni tarakimu za kukokotolea, msomaji aweke za kwake. Kwa bolti nne za kushikia mota tofauti ni Sh 4,000. Mashine inayosaga madebe 40 kwa siku kwa Sh 1,000 kila debe hupoteza Sh 40,000 ikisimama siku moja, mara kumi ya tofauti hiyo. Rejesho la mkopo halisimami, na wateja waliohamia kwa jirani hawarudi wote. Hatujahesabu mkanda uliokatika, beringi zilizokufa, wala mwendeshaji aliyekuwa amesimama karibu.

Kuna Makutupora nyingine, ya wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, kinakoishia kipande cha kilomita 422 cha reli ya kisasa kutoka Morogoro. Wanaojenga njia za namna hiyo duniani huchomelea reli na kuzishika kwa vibanio vya chuma cha springi, badala ya kuziunga kwa bolti kila baada ya mita chache. Wameiondoa bolti pale mtikisiko ulipo mkubwa. Pale inapobaki, kama kwenye swichi za reli, uzembe hulipwa kwa maisha: Mei 10, 2002, huko Potters Bar, Uingereza, treni ilitoka njiani kwenye swichi ambayo baadhi ya nati zake hazikuwapo mahali pake, na watu 7 walikufa.

Mafundi watasema bolti bora haiponyi mashine mbovu. Ni kweli. Nyundo zisizolingana uzito zibadilishwe kwa seti, na msingi wa zege uliopasuka utengenezwe kwanza. Wala kukimbilia 12.9 si busara, kwani chuma kigumu mno hukatika ghafla. Na 8.8 ikikazwa kwa kubahatisha ni fedha ya bure: ya milimita 12 inahitaji nyutoni-mita 80 hivi, sawa na kilo 27 zikining'inia mwishoni mwa spana ya sentimita 30.

TBS wanaweza kusaidia kwa kukagua mizigo bandarini, lakini mfanyabiashara wa Dodoma asiwasubiri. Anapoagiza Kariakoo adai cheti cha majaribio, na aangalie kichwa cha bolti kina alama ya kiwanda pamoja na daraja; 8.8 isiyo na jina la mtengenezaji itiliwe shaka. Boksi moja moja za milimita 10, 12 na 16 zinatosha kuanzia, zikiwekwa mbali na zile za kufungia mageti. Aagize na nati za daraja la 8. Nati laini juu ya bolti ya 8.8 huchunika hesi kabla bolti haijabana inavyotakiwa, na mteja atarudi dukani kulalamikia bolti.