Gari la Umeme na Haki ya Fundi

Wakazi wa mtaa wa Komarock, Nairobi, ambao kila alfajiri huvuta moshi wa matatu zielekeazo mjini, wana haki ya kuuliza ni gari gani hasa listahililo kuitwa rafiki wa mazingira. Watengenezaji wenyewe wamekhitilafiana. Kampuni ya BasiGo, iliyoleta mabasi yake ya kwanza ya umeme Nairobi mwaka 2022, na ambayo sasa huyaunganisha Thika, yaona salama imo katika kuiacha dizeli. Na hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya umeme wetu hapa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Wengine hushikilia kwamba gari bora ni lile lidumulo, kwani chuma na madini ya betri huchimbwa na kuyeyushwa kwa madhara makubwa kabla gurudumu halijazunguka. Naamini rai hizi mbili hazina budi kuoanishwa: serikali na imlazimishe kila auzaye gari la umeme kuuza vipuri vyake kwa bei ya insafu, kumfunza fundi wa jua kali kulitengeneza, na kuipokea betri iliyochakaa.