Boma la Mjerumani na Mtumbwi wa Rubisi

Vijana wenzangu wenye kalamu, leo nawachokoza. Mgeni akifika Biharamulo anapelekwa wapi? Bomani! Anaonyeshwa kuta nene walizojenga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, anapiga picha, anaambiwa, "Hii ndiyo historia yetu." Yetu, au ya nani, bwana? Boma lilijengwa ili babu zetu watawaliwe. Litunzwe, sikatai. Lakini historia ya mji haianzii kwenye ukuta wa mkoloni.

Jioni mgeni huyo huyo akiomba kinywaji analetewa bia ya chupa. Rubisi tunaificha, eti ni pombe ya washamba. Wengine wanaichanganya na gongo, wakati gongo hukenekwa na rubisi haikenekwi. Rubisi ni ufundi: ndizi zinavundikwa mpaka ziive, zinakamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, maji yake yanatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yanaachwa yachachuke. Posa ngapi zimesemwa mbele ya kibuyu chake? Ada za shule ngapi zimetoka humo?

Mnadhani naongelea utalii? Hapana, naongelea riwaya. Huko Hungaria kuna mji unaitwa Eger. Watu wanaufuata kwa ajili ya ngome yake na mvinyo wake mwekundu, Bikavér, yaani damu ya fahali. Mwaka 1552 watu wapatao 2,000 waliilinda ngome ile dhidi ya jeshi kubwa la Waturuki, wakashinda. Vita vya zamani vilivyosahauliwa havina idadi. Hivi vinajulikana na kila mtoto wa Hungaria kwa sababu mwandishi Géza Gárdonyi alihamia pale, akavitungia riwaya iliyotoka kitabu mwaka 1901. Leo kaburi lake liko ndani ya ngome ile ile. Mnaona kalamu ilivyofanya?

Sisi je? Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, kwa muda wa siku moja hivi. Waandishi wa nje wakajaa na kamera zao, wakaondoka na hadithi. Mama wa Kihangaza aliyeamka akakuta jirani na shamba lake pameota mji wa mahema, nani amemwandika? Riwaya yake mimi bado sijaisoma.

Na wewe unaandika nini? Jambazi wa Chicago usiyemjua, anakunywa whisky usiyoijua! Mkataa kwao mtumwa.

Hebu nenda kakae na wazee kando ya mtumbwi wa rubisi, uulize, uandike. Boma linasimama kwa kuta zake. Rubisi haina ukuta, wala yule mama wa Ngara hana. Wao watasimama kwa kitabu, na kitabu hicho Mjerumani hatatujengea.